Kwaresima Mbili za Mama Laurenti

Kraaa!

Hiyo sauti ninayo mpaka leo. Ni kisu kidogo cha kukatia maboksi kikipita juu ya mkanda wa gundi, kutoka pembe hii mpaka pembe ile, bila kusimama. Asubuhi yangu ya kwanza kazini, pale Makambako, nilisimama mlangoni mwa duka nimekumbatia mkoba kifuani kama mtu aliyekuja kuazima kitu. Kabla sijaona mtu yeyote nikasikia kraaa kutoka stoo, halafu sauti ya mwanamke:

"Kama wewe ndiye Oliva, ingia. Kama ni mteja, subiri. Kama ni mgambo, bosi hayupo."

Huyo alikuwa dada Yusta, ambaye nyie mmemkuta ameshaota mvi na kuanza kuvaa masweta mawili kwa mpigo. Ninawaandikia nyie, Rehema na Tabitha, mnaobaki kaunta. Nimestaafu. Msicheke. Najua mtu wa miaka thelathini na kidogo hastaafu, anaacha kazi. Lakini ukisema umeacha kazi, watu wanadhani umegombana na bosi, na mimi sijagombana na mtu. Nimekuja nyumbani Mahongole kujenga tanuri la mikate, ile ndoto niliyowachosha nayo kila tulipokula mchana. Kwa hiyo nimestaafu. Mstaafu ana haki ya kusimulia, na nyie mna haki ya kuruka mistari.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupasua. Mnajua duka letu ni la jumla na rejareja, lakini mteja wa rejareja ndiye anayejaza mlango. Hanunui boksi. Ananunua vidonge viwili vya mchuzi, vile vya mraba vilivyofungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Ananunua kijiko kimoja cha majarini kutoka kwenye ndoo kubwa, pipi tano, biskuti robo pakiti. Ukiwa mpya unadhani kazi ni kuuza. Kumbe kazi ni kupasua kikubwa kiwe kidogo, na kidogo kiwe kidogo zaidi, mpaka mtu aondoke na kitu kinachoenea kwenye kiganja. Boksi lenyewe linabaki kwetu. Tuliwapa kina mama wauza mayai, au tukawashia moto wa chai. Wakati huo sikuona chochote cha ajabu katika hilo. Boksi ni boksi.

Siku hizo za mwanzo nilipima majarini vibaya, nikamwaga sukari, nikamwita mteja mmoja "baba" naye ana sura ya kunizidi miaka miwili, akanuna. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili na kichwa changu kilijaa mambo makubwa: siku moja nitapanda ndege, siku moja nitakuwa na duka la vioo. Dada Yusta alikuwa ananiangalia nikiota macho wazi, anagonga kaunta kwa kisu: "Oliva! Ndege imetua. Mteja huyu hapa."

Mteja mmoja wa wakati ule simsahau. Alikuwa dereva wa lori, Mwislamu, mtu wa pwani kwa jinsi alivyoongea, amesimamisha gari Makambako kupumzisha injini. Ilikuwa Ramadhani. Alitaka pipi za kuwapelekea watoto wake Idi. Nikamwonyesha zile laini za kutafuna, za rangi rangi, umbo la dubu. Akachukua moja, akaivuta kwa vidole viwili. Ikarefuka. Akaiachia. Ikarudi.

"Hii ina nini ndani?"

"Sukari, kaka."

"Sukari haivutiki hivi, dada yangu. Sukari mimi naijua."

"Labda na rangi kidogo."

"Kwa hiyo unauza usichokijua?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuonea huruma kidogo, na hiyo ndiyo iliyouma.

Dada Yusta akaja, akachukua pakiti mkononi mwangu. Nilikuwa nimeishika kwa mbele, upande wa dubu anayecheka. Akasema neno moja: "Geuza." Akaigeuza mwenyewe. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo kama mchanga. Akayasogeza mbele ya macho, akayarudisha nyuma, akatoa simu, akapiga picha, akaikuza picha kwa vidole. "Jelatini," akasoma. "Hii ni kama gundi, kaka. Wanachemsha ngozi na mifupa. Ya mnyama gani, hawakuandika."

Yule dereva akairudisha pipi juu ya kaunta polepole kama yai. "Ahsante kwa kuniambia," akasema. Akanunua karanga za kukaanga, na tende. Alipoondoka nilitaka kulia, maana mimi hulia upesi. Dada Yusta akaniambia nisilie juu ya pipi, zitashikana.

Tangu siku ile "geuza" ikawa somo langu. Nilipokuwa sina mteja niligeuza. Nikagundua duka zima lina upande wa nyuma ambao sikuwahi kutembea. Biskuti zenye picha ya ngano tu mbele, nyuma zina maziwa ya unga. Majarini, ambayo huku wote tunaiita siagi, imetengenezwa kwa mafuta ya mawese, kwa hiyo unasema haya, hakuna ng'ombe hapa. Halafu unafika mstari wa mwisho unakuta ng'ombe amekaa anakusubiri, maziwa yaliyokaushwa. Tambi nyingine zina mayai, nyingine hazina. Maneno mengine yalikuwa ya Kiingereza, mengine Kiarabu na Kiswahili kidogo pembeni. Yale ya Kiingereza nilimwuliza mwalimu mmoja wa jirani, naye akishindwa aliuliza simu. Sikuwa ninatafuta lolote. Nilipenda tu kujua, kama mtu anavyopenda kujua majina ya watoto wa jirani.

Mkitaka vifaa vya kazi hii, ni vitatu: kisu kikali, mwanga wa mlangoni (siyo taa ya dukani, ile inadanganya), na simu yenye kamera isiyo na ufa. Kisu changu nimewaachia kwenye droo. Kamera mtajitafutia.

Bosi alipofungua duka la Njombe alituhamisha mimi na dada Yusta. Baridi ya kule nyie mnaijua, sina la kuongeza, isipokuwa kwamba majarini haipakuliki asubuhi mpaka uikalishe karibu na jiko. Wateja wetu wengi walitoka vijijini siku za soko, na hapo ndipo nilipomjua Mama Laurenti wa Uwemba.

Alikuwa mfupi, na kichwa chake kilitokea juu ya kaunta kama cha mtu aliyesimama ndani ya shimo. Mkulima wa viazi na maharage, Mkatoliki wa kuamka kabla ya kengele. Alikuwa akisalimia kwa kilugha, "Kamwene" halafu hapo hapo anakusahihisha ulivyoitikia. Siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu alikuja kununua mafuta ya alizeti, akaniambia jambo lake huku anahesabu vidole vyake vya mkono wa kushoto, akikunja kimoja kimoja.

"Nyama, sitaki. Samaki, sitaki, hata kama wanaruhusu. Maziwa, sitaki. Mayai, sitaki. Na hiki cha tano," akakunja kidole gumba, "ni chochote kilichotoka kwa mnyama ambacho sijakitaja. Siku arobaini."

"Mama, kwani Kanisa limeongeza?"

"Kanisa halijaongeza. Nimeongeza mimi."

Mtoto wake wa pekee, Laurenti, alikuwa amegombana na baba yake juu ya shamba. Baba alitaka viazi, kijana alitaka parachichi. Wakarushiana maneno ambayo baba na mtoto hawapaswi kurushiana, na kijana akaondoka kwenda Manda, ziwani, kufanya biashara ya dagaa. Simu yake ilipatikana kwa mwezi mmoja, baadaye haikupatikana tena. Baba mtu alinyamaza akawa kama gogo. Mama akaweka nadhiri: atafunga hivyo Kwaresima nzima, asikosee hata mara moja, Mungu amrudishe kijana.

"Nikikosea nitakuwa nimempoteza mwenyewe," akasema. Alilisema kwa wepesi, kama anavyotaja bei ya debe la viazi, kisha akaniuliza kama chumvi yetu ni ile ya mawe au laini.

Basi. Kwaresima ikaenda. Alikuja mara mbili tatu, amekonda kidogo usoni lakini mchangamfu, kila mara akiuliza kama nimeolewa. Kwenye wiki ya nne akaja siku ya soko na kikapu kitupu.

"Oliva, leo nipe boksi zima la vidonge vya mchuzi. Jumuiya yetu, kila Ijumaa tukimaliza Njia ya Msalaba tunakula maharage pamoja, na ni zamu yangu kupika. Wanawake wameniuliza maharage yangu yana siri gani. Nimewaambia nitawaletea siri yenyewe."

"Vidonge?"

"Eh! Hivi vidonge ndivyo vilivyonibeba, mwanangu. Nanunua kwa jirani pale kioskini, viwili viwili, kila siku. Bila hivyo ningeshaanguka. Maharage makavu na chumvi, siku arobaini! Ningemwona Mungu kabla ya Laurenti."

Yule jirani wa kioski alinunua kwetu. Niliwahi kumpasulia maboksi yale kwa mkono wangu. Na nilikuwa nimeshayageuza. Nilijua kilichoandikwa ubavuni: chumvi, wanga, mafuta ya kuku, unga wa nyama ya ng'ombe, viungo.

Nikasema jambo la kwanza lililokuja mdomoni.

"Vimeisha, mama."

Mama Laurenti akaninyooshea kidole, chini kidogo ya kiuno. "Na hilo boksi ulilolikalia?"

Nilikuwa nimelikalia kweli. Lilikuwa limefika asubuhi ile.

"Hili... hili ni la mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa Ludewa."

Dada Yusta akakohoa nyuma yangu, kile kikohozi kisicho na kifua.

"Oliva," akasema Mama Laurenti, "wewe unajua kudanganya kama ng'ombe anavyojua kupanda ngazi. Nikupe hela zaidi? Tatizo nini?"

Nikaomba dakika moja. Nikaingia stoo, dada Yusta akanifuata. Nikamweleza kwa kunong'ona habari ya nadhiri yote. Akasikiliza akiwa anachezea kisu.

"Ameuliza vina nini?"

"Hajauliza."

"Basi muuzie. Mimi nilikufundisha ugeuze ujue wewe. Sikukufundisha umgeuzie mtu moyo wake."

"Atawalisha na wenzake."

"Wenzake wanakula bila kujua, na yeye anakula bila kujua, na Mungu anajua kwamba hawajui. Wewe ukifungua mdomo unamwambia nini? Kwamba amekosea kila siku tangu Majivu. Umesikia mwenyewe alivyosema juu ya mtoto wake. Unataka kumpa hilo aende nalo Uwemba?"

Mpaka leo sisemi kwamba dada Yusta alikosea. Alisema vile kwa kumhurumia. Mimi pia nilimhurumia, ila huruma yangu ilikuwa inataka kutoka kwa mlango mwingine. Nilifikiri: huyu mama amekunja kidole cha tano kwa ajili ya kitu kama hiki hasa, kile ambacho hakukitaja. Kile kidole alikikunja mbele yangu.

Nikarudi kaunta na boksi mikononi. Sikulipasua.

"Mama, hivi vidonge vina mafuta ya kuku. Na unga wa nyama."

Akacheka. "Acha utani." Akafungua fundo la kanga yake, akatoa kidonge kimoja alichokuja nacho kama sampuli, asije akapewa cha aina nyingine. Akakiweka juu ya kaunta. "Hiki hapa. Kina picha ya nyanya. Onyesha kuku yuko wapi."

Kweli kilikuwa na nyanya tu, na jina. Karatasi ndogo kama ile haina nafasi ya kuku. Nikaligeuza boksi, nikaweka kidole ubavuni chini ya mstari, nikamsomea neno kwa neno. Alikuwa anajua kusoma, lakini alifuata kidole changu kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipofika kwenye ng'ombe, kidole chake kikaja juu ya changu, kikanizuia.

"Tangu Majivu?" akauliza.

"Kama ni hivi hivi, mama, tangu Majivu."

Akakaa juu ya kiroba cha sukari. Mtu akaingia kutaka kiberiti, dada Yusta akamhudumia kwa haraka akamtoa. Mama Laurenti alikuwa ameshika shavu. Hakulia. Kisha akasema, siyo kwangu, kama kwa duka zima:

"Kwa nini maandishi yanabaki kwenu, sisi tunapewa kidonge?"

Akanyanyuka, akachukua kikapu chake kitupu, akatoka. Sampuli yake aliiacha palepale kaunta. Niliangalia ile picha ya nyanya mpaka ikawa haina maana.

Wiki ile nilikuwa mtu wa hovyo. Nilitoa chenji vibaya, nikapakua chumvi badala ya sukari. Nilijiuliza kama kijana asiporudi, yule mama atakuwa anaikumbuka sauti yangu ikisema "unga wa nyama" kila akiamka. Dada Yusta hakuniambia "nilikuambia". Alinipikia chai tu, na kwa dada Yusta hiyo ni hotuba ndefu.

Siku ya soko iliyofuata kichwa kikatokea juu ya kaunta.

"Kamwene."

Nikaitikia. Akanisahihisha. Nikajua yuko hai.

"Nilikwenda kwa katekista," akasema. "Kanieleza vizuri, mtu mwema yule. Kasema mama, hukujua, kwa hiyo hukukosea. Endelea, Pasaka i karibu. Nikamwambia ahsante. Lakini Oliva, mimi sikumwahidi Mungu kutojua. Nilimwahidi kutokula."

"Sasa?"

"Sasa nimeanza upya. Siku ile ile niliyotoka hapa. Moja mpaka arobaini."

Dada Yusta akaweka kisu chini. "Mama, Pasaka itakukuta njiani!"

"Itanisalimia ipite."

"Watu watakuwa wanachinja!"

"Wachinje. Nimewazuia?" Akanigeukia mimi, akaweka kikapu juu ya kaunta kwa kishindo. "Wewe uliyenitia katika haya, njoo. Leo tunageuza kila kitu."

Tukageuza. Ilituchukua asubuhi yote ile, na wateja wengine walisimama wakasaidia, wengine wakisoma kwa sauti, mmoja akibisha kwamba maziwa ya unga siyo maziwa kwa kuwa ni unga. Majani ya chai: sawa. Mafuta ya alizeti: sawa. Nyanya za kopo: sawa, na nyanya zilikuwemo kweli. Majarini: toka. Biskuti: toka, toka, toka. Tambi: pakiti ya bei ndogo ikashinda ya bei kubwa. Mkate ulitushinda, maana mkate wetu unakuja mtupu bila maandishi, na aliyeuoka hayupo kuulizwa. Mama akasema basi atakula viazi, viazi hana wasiwasi navyo, amevizaa mwenyewe.

Ikabaki habari ya ladha. Nikamwambia kwamba mama yangu huku Mahongole hutwanga karanga mbichi akazitia kwenye maharage yakikaribia kuiva, na kitunguu kingi. Akanunua karanga. "Ijumaa nitawapikia hiyo jumuiya," akasema, "na siri nitawapa ile ya vidonge pia. Kila mtu ajue anachokula, kisha achague."

Tangu msimu ule ndipo tulipoanza ule utaratibu mlioukuta. Ukipasua boksi la kuuza moja moja, kata ubavu wenye maandishi, uuingize ndani ya chombo cha kioo, maandishi yakitazama nje, chini kidogo, usawa wa macho ya mtu mfupi. Na anayenunua boksi kwa ajili ya kioski chake, mkatie ubavu wa boksi lake akabandike kwake. Bosi alilalamika kwamba tunafukuza wateja. Wateja hawakukimbia. Wengi walisoma, wakasema "aa, kuku, vizuri," wakanunua vinne badala ya viwili. Ila msidanganyike na ubavu wa zamani. Watengenezaji hubadilisha vitu bila kutuaga. Boksi jipya, ubavu mpya, hata kama picha ni ileile.

Pasaka ikaja, ikamsalimia Mama Laurenti, ikapita. Mimi nilikuja nyumbani sikukuu. Wakachinja nguruwe. Mama yangu akanipakulia, nikamwambia jino linauma. Akatazama sahani yangu ya viazi na maharage, kisha akatazama jino. Kazini dada Yusta aliniona nakataa chapati ya yai, akanikodolea macho. "Una mimba?" Nikamwambia tumbo tu. "Ndiyo hilo tumbo ninaloliuliza," akasema. Sikumwambia zaidi, na Mama Laurenti pia sikumwambia. Halikuwa jambo la kutangaza. Niliona tu kwamba mtu akitembea njia ndefu baada ya wenzake wote kufika, ni vizuri awepo mwingine nyuma yake hata asipomwona.

Siku chache baada ya Pasaka, mchana, akaingia kijana ametoka kwenye basi la Ludewa, ana ndoo yenye mfuniko, na harufu yake ilifika kaunta kabla yake.

"Dada, nipe biskuti nzuri kuliko zote. Za maziwa. Ni za mama, anazipenda sana."

"Mama yuko wapi?"

"Uwemba."

Mikono yangu ikasimama juu ya shelfu. "Wewe ndiye Laurenti?"

Akarudi hatua nyuma. "Unanijuaje?"

Nilitaka kuruka kaunta nimshike asipotee tena. Badala yake nikasema, kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida: "Biskuti usimpelekee."

Uso wake ukasawijika. "Amekasirika kiasi hicho? Hata biskuti hatapokea?"

"Hali maziwa."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Amefunga."

"Dada, Pasaka si imepita?"

"Ya watu imepita. Ya mama yako bado."

Akanitazama, akamtazama dada Yusta, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi ya kupanga viberiti. "Amefunga kwa ajili ya nini?" akauliza taratibu.

"Kamuulize mwenyewe. Leo leo. Usilale mjini."

Akaweka ndoo chini. Akasema simu ilitumbukia ziwani, kisha ikawa aibu ya kupiga baada ya muda mrefu vile, na kila siku aibu ilikuwa inanenepa. Baadaye akaona heri afike na ndoo ya usipa, wale dagaa wa Nyasa, baba yake akimfukuza walau mama abaki na mboga. Nikamfungia sukari, majani ya chai, na karanga mbichi. Alipomaliza kulipa akafungua ndoo, akachota usipa mkono mzima, mkavu, unang'aa, akauweka kwenye gazeti. "Huu wako. Sijui umenifanyia nini, ila naona umenifanyia kitu." Akatoka mbio mbio kutafuta usafiri wa Uwemba. Dada Yusta akageuka kutoka kwenye viberiti, macho mekundu, akasema ni vumbi.

Jioni simu yangu ikaita.

"Oliva! Amefika!" Nyuma yake nikasikia sauti ya mzee ikiongea, ikikatizwa na ya kijana. "Wanabishana tena. Shamba lile lile. Sikia wanavyobishana vizuri!"

Nililia, yeye akacheka. Nikamwuliza kama ameshaonja usipa.

"Nimeuning'iniza juu ya jiko. Una siku yake."

"Lakini mama, si amesharudi? Uliomba, umepewa."

"Nilisema siku arobaini, Oliva. Sikusema mpaka arudi. Wewe ukipewa ujira kabla ya jioni, unatupa jembe?"

Nikamwuliza siku yake inaisha lini. Inaisha Jumatatu, akasema. Jumanne mchana atakaanga usipa, atakula na mume wake na mtoto wake, na viazi.

Jumanne hiyo haikuwa sikukuu ya mtu yeyote. Hakukuwa na kengele, mvua ilikuwa inanyesha kidogo, soko halikuwepo. Dada Yusta alikwenda kula kwa mama lishe, akaniuliza kama tumbo langu linakuja. Nikasema nitabaki kuangalia duka. Alipovuka barabara nikaingia stoo, nikatoa lile gazeti nililolificha nyuma ya viroba vya chumvi, mbali na panya na mbali na mimi mwenyewe. Nikawasha moto mdogo kwa vipande vya boksi, nikaweka sufuria ya chai, tone la mafuta, kitunguu, na usipa. Nikasubiri ifike saa saba, niliyodhani ndiyo saa ya mezani Uwemba. Kisha nikafanya ishara ya msalaba, nikageuza usipa upande wa pili uive vizuri, nikala wote, mpaka vichwa.